Mjumbe wa Shuka la Rumi

Wenzangu mliobaki skuli mmenitaka niwaandikie kazi ilikuwaje, ukurasa mmoja wa Kiarabu wa kubandika chumba cha walimu. Kiarabu nimekiandika miaka yote kwenye ripoti, kimenitosha. Haya nayaandika kwa Kiswahili, kwa sababu jambo ninalotaka kulisema lilitokea kwa Kiswahili, na nikilifasiri litavunjika. Asiyekijua sawasawa akae na bibi yake amsomee, naye atapata chai ya bure.

Nani alipandishwa cheo na nani alirukwa, hayo mtayapata kwa wenye kuyahesabu. Mimi nilisomesha historia skuli ya wasichana hapa Ibra, na katika historia yote lililonishinda ni moja: wajumbe wa Rumi, wale waliokuwa wakipita baina ya kambi na kambi Warumi walipopigana wenyewe kwa wenyewe. Nimelisomesha kila mwaka, na nimestaafu sijalielewa.

Siku yangu ya kwanza nilifika na mkoba mpya na viatu vinavyobana. Nikaingia chumba cha idara nikawakuta wanawake wawili wamepiga magoti sakafuni juu ya shuka jeupe. Mmoja anachora kwa kalamu ya wino, mwengine anadarizi kwa uzi wa buluu. Nikatoa shikamoo, wakanijibu marahaba kwa sauti moja bila ya kuinua vichwa.

"Unajua Misri iko wapi?" akaniuliza yule wa kalamu.

"Naijua."

"Basi usiikanyage."

Huyo ndiye Bi Thuraya, mzaliwa wa Unguja mjini, mkubwa wa idara. Kiswahili chake kilikuwa kile cha zamani, kimepigwa pasi, na ukikosea ngeli mbele yake hakusahihishi, hukutazama tu mpaka ukaona haya. Wa uzi alikuwa Bi Rahma, aliyezaliwa Kigoma, kwao wakaja Oman yeye akiwa msichana mkubwa. Huyo alicheka kwa kila kitu, hata kwa mtihani wa wizara. Walikuwa mashoga wa kushibana. Walipanga nyumba moja walipoanza kazi, watoto wao walilelewa pamoja, na mama yake Bi Thuraya alipougua mwisho wake, Bi Rahma ndiye aliyekuwa akimwogesha. Lile shuka lilikuwa la kitambaa cha marekani, lilitoka kwenye sanduku la marehemu huyo, limekuja naye kutoka Unguja. Wino wa Bi Thuraya, uzi wa Bi Rahma. Lilikuwa ramani ya dola nzima ya Rumi, na kwenye ukuta wetu lilijaa kutoka dirishani mpaka mlangoni. Kumbukeni hilo la sanduku na uzi, maana vita vyote vilitoka hapo.

Kitabu cha wizara kilitupa aya moja tu juu ya vita hivyo vya Warumi. Wale mabibi wawili wakaifanya kuwa wiki nzima. Majeshi yalikuwa kokwa za tende. Tende zenyewe tulizila kwanza, kwa hiyo somo hili wasichana walilipenda kabla halijaanza. Majina ya majemadari yaliwashinda, moja lina herufi ambayo Kiarabu hakina, likageuka kila siku. Bi Rahma akasema basi tuwaite kwa udugu wao, kwa sababu mmoja alikuwa amemuoa binti wa mwenziwe. Tukawaita Mkwe na Baba Mkwe. Ikatokea tatizo jengine: Mkwe alikuwa mkubwa kwa umri kuliko Baba Mkwe. Wasichana walipiga kelele, na mimi nilipiga nao kimoyomoyo. Yule binti alikuwa ameshakufa vita vilipoanza, na Bi Thuraya husema hapo ndipo mambo yalipoharibika, alikufa aliyekuwa akiwaunganisha.

Kisa chenyewe ni hiki. Baba Mkwe alivuka mto na jeshi, jambo lililokatazwa. Mkwe alikuwa Rumi na wazee wa baraza. Akampelekea ujumbe kwa kijana mmoja ambaye alikuwa jamaa yake Baba Mkwe, na baba yake kijana huyo alikuwa anatumikia katika kambi ya Baba Mkwe. Yaani mjumbe anatoka upande huu, damu yake iko upande ule. Baba Mkwe akamrudisha na jawabu, na ndani yake mlikuwa na ombi: njoo karibu, au niache nije mimi, tuseme uso kwa uso. Jawabu likarudi lina masharti mengi, lakini la kuonana halikutajwa.

Mimi nilikuwa mgeni wa idara, kwa hiyo mjumbe nilikuwa mimi. Bi Thuraya alikaa dirishani na kokwa zake, Bi Rahma mlangoni na zake, nami nikienda na kurudi. Siku moja msichana mmoja akanyoosha mkono, akaniita abla kama wanavyowaita walimu wao wote.

"Abla, huyu mjumbe ni wa nani hasa?"

Nikamtazama Bi Thuraya.

"Wa aliyemtuma," akasema Bi Thuraya.

"Wa anayemsikiliza," akasema Bi Rahma kutoka mlangoni. "Akifika kule, maneno si ya mtumaji tena."

Wakabishana mpaka kengele ikalia. Wasichana wakaandika majibu yote mawili, na wizara ikawapa alama kwa yote mawili, jambo lililonichanganya zaidi.

Halafu lilikuwapo hilo neno lenyewe. Kilatini, lugha ya Warumi, kilikuwa na neno moja kwa mjumbe wa amani na kwa naibu wa jemadari vitani. Mtu mmoja, jina moja, leo amekuja na salamu, kesho amekuja na jeshi. Bi Thuraya alisema kwa Kiswahili tusihangaike, mjumbe ni anayetumwa, na mjumbe hauawi. Bi Rahma akacheka mpaka akakaa. Akasema kwao Kigoma mjumbe ni yule wa nyumba kumi, anayejua nani kapata mgeni na nani kapika nyama. "Huyo hauawi kwa sababu anakujua sana!" Kiswahili kimoja, lakini mara nyingi hawa wawili walikuwa wakitaja neno moja na kila mmoja anaona kitu chake. Tulikuwa tukicheka. Sikujua kama linaweza kuwa jambo la kuliliwa.

Ikafunguliwa skuli ya pili ya wasichana, upande wa pili wa mji. Bi Rahma akapelekwa kuwa mkubwa wa idara kule. Akafunga vitu vyake siku ambayo Bi Thuraya alikuwa Nizwa kwenye mafunzo. Mimi nilimsaidia kubeba masanduku, na katika kubeba nikaona anakunja lile shuka, uzi juu, wino ndani, kwa mapenzi kama anamkunjia mtoto kanga. Nikadhani wamepatana. Kwa nini nisidhani? Walikuwa wakipatana kwa kila kitu.

Bi Thuraya aliporudi alikuta ukuta mtupu na misumari minne. Hakuuliza. Akaniita.

"Asila, nenda kamwambie shuka la mama yangu lirudi."

"Bi Thuraya, si bora umpigie simu mwenyewe?"

"Aliondoka bila ya kuniaga. Mimi nimpigie?"

Nikaenda. Bi Rahma alikuwa amelitundika tayari, wasichana wake wamejaa wanatafuta bahari. Nikamfikishia. Akaacha kucheka, na mimi sikuwahi kumwona ameacha.

"Kasema la mama yake? Mimi ndiye niliyepewa na mama yake, kwa mkono wake, nilipokuwa namwogesha. Mito yote hiyo nimedarizi mimi, vidole hivi. Haya. Mwambie aje achukue mwenyewe. Chai ipo."

Sasa nisaidieni nyinyi mlio vijana. "Aje achukue mwenyewe, chai ipo." Huo ni mwaliko au ni uchokozi? Mimi niliusikia kuwa ni mwaliko, kwa sababu ya chai. Nikaupeleka kama ulivyo, chai na yote. Bi Thuraya akausikia kuwa ni uchokozi, kwa sababu ya "mwenyewe".

"Kwanza kachukua, halafu niende kumlamba miguu. La, abadan."

Nilijaribu kumkumbusha Baba Mkwe na ombi lake la kuonana uso kwa uso. Nilidhani nimepata hoja kubwa. Akanitazama vile anavyotazama ngeli iliyokosewa.

"Warumi walikosea tangu kutuma," akasema. "Adui ndiye anayetumiwa mjumbe. Ndugu yako unamwendea kwa miguu yako. Ukimtumia mtu umeshamfanya adui."

"Sasa mimi unanituma kwa nini?"

Na mimi nikabaki na swali hilo mkononi, nikitoka skuli hii kwenda ile, kila Jumatano baada ya kipindi cha mwisho. Nilipeleka salamu za Idi, nilipeleka tanzia, nilipeleka hata sahani ya halwa ambayo ilirudi na halwa nyengine. Watu wanaopelekeana halwa ni maadui? Sikuelewa. Kichwa kilikuwa kinaniuma kwa kutoelewa.

Mwisho Bi Rahma akachoka. Alinisindikiza mpaka kwenye gari, akashika mlango.

"Mdogo wangu, tuache mambo ya shuka. Kamuulize kitu kimoja tu. Ana neno gani na mimi?"

Nikaenda. Bi Thuraya alikuwa anasahihisha madaftari. Nikamuuliza kama nilivyotumwa. Kalamu ikasimama.

"Mwambie mimi sina neno naye."

Mnaokijua Kiswahili mmeshaona. Kwetu sisi wa Unguja, mtu akisema sina neno na fulani, amesema moyo wangu mweupe kwake, sina kinyongo. Lakini maneno hayo hayo yanaweza kuwa sina la kusema naye, tumekwisha. Yategemea sauti, na Bi Thuraya siku hiyo sauti yake ilikuwa kavu kama anasoma majina darasani.

"Bi Thuraya," nikasema, "sina neno kwa maana gani?"

"Peleka kama lilivyo. Mjumbe hatii chumvi."

Nikalipeleka kama lilivyo. Bi Rahma alilisikia, akaitikia kwa kichwa polepole.

"Hana neno na mimi," akasema. "Khalas. Baada ya miaka yote, hana hata neno."

"Bi Rahma, labda amekusudia..."

"Umeambiwa useme hilo la labda?"

Sikuambiwa. Akaingia ndani, na mlango wake nikausikia unafungwa kwa adabu, bila ya kupigwa, ambako ni kubaya zaidi. Usiku ule nilimuuliza mama yangu maana ya sina neno naye, akasema, "Amemsamehe, alhamdulillahi." Nikamuuliza wifi yangu aliyekulia Bujumbura, akasema, "Maskini, wameachana." Nikalala na maana zote mbili, na hapana niliyoipendelea kuliko mwenziwe.

Tangu hapo hapakuwa na ujumbe. Walikutana mazikoni na arusini, wakapeana mikono, wakaulizana hali kwa Kiarabu. Kwa Kiarabu! Hilo ndilo lililonitoa machozi. Kila mmoja akastaafu kwa wakati wake. Bi Rahma akahamia Sur kwa mwanawe Said. Idara nikaachiwa mimi, na ukuta wenye misumari minne, ambayo sikuing'oa. Rumi niliichora ubaoni kwa chaki kila mwaka, na kila mwaka Italia ilinitoka kama soksi.

Ushauri wa kazi, kwa kuwa mliutaka: kwenye somo hili msikimbilie mapigano, mapigano wasichana watayasoma wenyewe. Kaeni kwenye ile siku ambapo Baba Mkwe ameshaingia Rumi, Mkwe amekimbia, na baraza limekubali kupeleka wajumbe wa sulhu. Limekubali, na hapatikani wa kwenda. Mkwe alikuwa ameshasema kuwa atakayebaki Rumi atamhesabu ni wa kambi ile nyengine, kwa hiyo kila mzee anaogopa. Wakazungumza siku tatu, wakatawanyika. Hapo wasichana hukasirika. Huuliza kwa nini asipande farasi Baba Mkwe mwenyewe akaenda. Mimi nilikuwa nikiwaambia wangojee kipindi kijacho, na kipindi kijacho nilikuwa nikiingia na somo jengine.

Pia waambieni yule mzee wa vita vilivyofuata, aliyepelekwa ujumbe naye mgonjwa, akafa kabla ya kuufikisha. Wakabishana barazani kama apewe sanamu, kwa sababu sanamu ilikuwa desturi ya mjumbe aliyeuawa, na huyu ameuawa na maradhi. Wakampa. Sijui kwa nini kisa hiki hunifariji, labda kwa vile na mimi nilikuwa nimechoka.

Nilikuwa nyumbani, nimeshastaafu, ninajifunza kukaa bila ya kengele, Bi Rahma aliponipigia simu kutoka Sur.

"Asila, mjumbe wangu wa zamani. Jina langu limetoka kwenye kura, nakwenda Hija. Nimezunguka kwa watu wote kutaka radhi, jirani, mashemeji, mpaka muuza samaki niliyemgombeza. Kabaki mmoja. Moyo wangu daktari hauamini sana, mdogo wangu, huenda nisirudi. Mwambie Thuraya, kama nilimkosea, anisamehe. Siwezi kusimama Arafa na hili."

Mnaijua desturi. Anayekwenda Hija haendi na deni la moyo. Nikavaa abaya nikaenda kwa Bi Thuraya, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Nikamkuta anamwagilia mirehani kwa kopo la maziwa. Nikamfikishia neno kwa neno, bila ya chumvi.

Alimaliza kumwagilia. Akaliweka kopo.

"Gari yako ina mafuta?"

"Inayo. Nimwambie nini?"

"Usimwambie kitu. Ngoja nitafute viatu."

Njia ya Sur kwa kupitia Kamil mnaijua, mchanga huku na miti ya mighafu kule. Mara Bi Thuraya akauliza kama Bi Rahma bado anatia sukari nyingi kwenye chai. Nikasema sijui. Akasema, "Wewe si mjumbe? Mambo ya maana huyajui." Baadaye kidogo nikaona anakazia macho barabarani ili asinitazame mimi, na midomo yake inacheza. Alikuwa anajisomesha la kusema, Bi Thuraya, aliyekuwa akiingia darasani bila ya karatasi.

Said alitufungulia mlango. Bi Rahma alikuwa amekaa kwenye godoro la sebuleni, amekonda, akanitazama mimi tu kwanza.

"Asila! Kasemaje?"

Nikasogea pembeni. Bi Thuraya alikuwa nyuma yangu, anavua viatu, kiatu kimoja kimegoma.

Bi Rahma akamgeukia. "Umetumwa na nani?"

"Sikutumwa. Nimejileta."

Ukutani juu ya godoro lilikuwapo shuka. Lilikuwa limefuliwa mara nyingi, na wino wote umetoka. Majina ya miji hayapo, mipaka haipo, Rumi yenyewe haipo. Umebaki uzi wa buluu tu, mito na pwani, juu ya marekani ya marehemu mama. Bi Thuraya akaliona, akakaa chini pale pale alipokuwa, mguu mmoja una kiatu.

"Ulisema huna neno na mimi," akasema Bi Rahma. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Nilisema hivyo. Sina neno nawe."

"Ndiyo hivyo nakwambia. Ulisema huna neno na mimi!"

"Ndiyo, sina neno nawe!"

Wakanigeukia mimi kwa pamoja, kama zamani darasani.

"Wewe ulilifikisha vipi?"

"Kama lilivyo," nikasema.

Bi Thuraya akainama. "Usimlaumu mtoto. Aliniuliza maana, nikamkatalia. Nilikuwa na hasira, Rahma, na nilikuwa nakupenda. Nikatoa neno lenye milango miwili nikangoja nione utaingia upi. Ulipouchagua wa kutokea, nikasema alaa, kumbe ndivyo alivyotaka."

"Sikujua kama ipo miwili," akasema Bi Rahma. "Kwetu upo mmoja."

"Najua. Sasa najua."

"Na leo je? Una neno?"

"Leo ninalo. Nisamehe, shoga yangu, na Mungu akutakabalie."

Bi Rahma akamvutia kwake, wakakumbatiana na wakalia kwa sauti, hawakujali mtu. Halafu nikasikia, katikati ya kilio, Bi Rahma ameanza kucheka, anakionesha kile kiatu. Akaanza kulitungua shuka ampe mwenziwe. Bi Thuraya akamshika mkono.

"Liache. Urudi salama, nitakuja kulichukua mwenyewe. Chai ipo?"

"Ipo."

Wakaanza kuzungumza, Kiswahili juu ya Kiswahili, hakuna anayemngoja mwenziwe amalize. Mimi nilikuwa bado nimesimama mlangoni na mkoba begani. Nilingoja niambiwe kamwambie fulani hivi. Hapakuwa na wa kunituma, na hapakuwa na pa kwenda. Nikajaribu kukumbuka Jumatano zote zile, chai na halwa na salamu za Idi, zilikuwa za nani, zilifanya nini, kama zilifunga mlango au ndizo zilizouzuia usifungwe kabisa. Machozi yalikuwa yanatoka na sikuwa nimeyaita.

Said, ambaye Kiswahili chake ni cha kusikia kwa mama yake tu, akanijia na glasi ya maji. Akanitazama kwa wasiwasi.

"Khala Asila, una neno?"

"Sina neno, mwanangu," nikamwambia. "Sina neno."

Akaitikia kwa kichwa, akenda zake. Sijui yeye alisikia lipi, na mimi niliyelisema sijui nilikusudia lipi.